Maranda ya Kijani

Mimi nimezaliwa Iringa, kwenye misitu ya misindano, na mtu wa huko humwambii kitu kuhusu mbao. Kwa hiyo mke wangu aliposema tutandike pumba za mpunga kwenye banda la vifaranga, nilimcheka. Yeye kwao Rujewa, huko kila kitu ni mpunga. Nadhani hata akiumwa kichwa atajifunga pumba. Shemeji alikuwa ametuletea gunia zima, mimi nikaliegemeza ukutani.

"Godoro la kuku ni maranda," nikamwambia.

"Haya, mtaalamu."

Nikaenda kwa fundi seremala hapahapa mtaani kwetu Soweto, Mbeya, nikazoa maranda mapana, makavu. Yale ya unga hayafai, kifaranga anayala akidhani ni chakula. Shule niliacha mapema, kuku sijaacha. Nikatandaza. Mchana vifaranga wakaja kwenye boksi. Walikuwa wa mke wangu. Kuku wake wa mwanzo wote walikufa kwa ugonjwa wa kideri, na tangu hapo alikuwa hapiti kabisa upande ule wa banda.

Basi nimekaa nawatazama wanadonoa, jua la Mbeya la mwezi wa saba linang'aa tu, halipashi, nikaona maranda mengine yana ukijani. Nikasema ni kivuli. Nikainuka, nikakaa. Nikainuka tena. Miguu ikanipeleka kwa fundi.

"Shikamoo mzee. Yamekwisha?"

"Marahaba. Zile mbao ulizopiga randa ni za nini?"

"Za kenchi, za paa. Zimechovywa dawa, mchwa hagusi. Kwani vipi? Nilidhani unawashia moto."

Mchwa hagusi! Zamani kwetu mbao ilikuwa mbao, inakuja inanuka utomvu, unailalia. Nikarudi nusu mbio, magoti yanalalamika.

Nikamwambia mke wangu maranda yana dawa ya mchwa. Akawazoa vifaranga kwa kanga, akawarudisha kwenye boksi karibu na jiko.

"Toa yote. Na kwenye kona fagia, usinifagilie katikati tu kama mgeni."

Nilifagia mpaka saruji ikaonekana. Yeye akazamisha mkono kwenye gunia mpaka begani, akatoa konzi ya pumba, akanusa. Za chini zilikuwa na unyevu, zinanuka uvundo.

"Hizi zitawabana kifua," akasema, akazimwaga nje. Za juu zilikuwa kavu, zinachakacha. Tukatandaza hizo, tukawarudisha vifaranga.

"Sasa unicheke tena basi," akasema.

"Nitacheka wakiamka wazima."

Kifaranga mmoja alisimama peke yake, mabawa yameshuka. Nikamchovya mdomo kwenye maji, akameza, akafumba macho. Nilikwenda kumwangalia mpaka mke wangu akasema nitamchosha.

Asubuhi yule mmoja alikuwa amekufa. Wenzake walimkimbilia mke wangu miguuni, wanapiga kelele za njaa. Akamwokota aliyekufa, akanipa, akachuchumaa, akawakagua waliobaki mmoja mmoja.

"Lete maji ya uvuguvugu," akasema hatimaye. "Na usisimame hapo mlangoni, unawaingizia baridi."