Shangazi Alivyochagua Mbalamwezi

Shangazi yangu haamini vitu viwili hapa Kibiti: umeme na mimi. Umeme humkatikia pale anapouhitaji. Na mimi, anasema, nikimwambia kumekucha, lazima atoke nje kwanza akahakikishe.

Kwa hiyo alipopanga siku ya kumwoza binti yake wa pekee, alihesabu mwezi kama walivyohesabu bibi zake. Ndoa ifungwe uani kwake baada ya Isha, siku ya mwezi mpevu, ili hata umeme ukikatika wageni waone wanachokula. Akaalika mpaka Mtunda. Akaagiza kamba wa kupikia pilau kutoka huko chini kwenye mikoko. Bwana harusi na watu wake wangekuja na Kosta ya kukodi kutoka Chumbi.

Sasa mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, kwenye simu nina programu inayoonyesha mambo ya angani yanayokuja: sayari gani itaisogelea ipi, vimondo vitaonekana lini, mwezi utapatwa lini. Wenzangu wana ratiba ya mechi, mimi nina ratiba ya mbingu. Nikafungua usiku wa harusi. Mwezi unapatwa. Tena si kuumwa pembeni, unamezwa wote, na unaanza watu wakiwa ndio kwanza wanatoka kuswali Isha.

Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Mwezi haupatwi ukiwa mchanga wala ukiwa nusu, unapatwa ukiwa mpevu tu. Yaani katika kulikimbia giza, shangazi alikuwa amechagua usiku pekee ambao giza lingeweza kumfuata mpaka uani.

"Shangazi, sogeza harusi mbele siku mbili tatu."

"Kwa nini?"

"Mwezi utapatwa."

Hakuinua hata kichwa kwenye ungo wa mchele. "Na yule kiboko wako wa sokoni, naye tumwalike?"

Kiboko wa sokoni, ambaye hakuwepo ila mdomoni mwangu, ilikuwa kazi yangu, na ilikuwa kazi nzuri; kuna muuza nyanya alijirusha juu ya bodaboda isiyo na mafuta akawa anaipigia kelele iondoke. Halafu kuna ile wiki niliyowatoa majirani wote nje watazame vimondo, yakatanda mawingu, wakaambulia mbu. Sifa zangu zilikuwa kamili. Nilipomfuata baba, akanijibu: "Mtie nuksi dada yako, nitakupeleka wewe Chumbi ukaolewe."

Aliyeniamini ni dada mwenyewe, bibi harusi. Akanivuta nyuma ya jiko.

"Wallahi kweli?"

"Wallahi."

"Basi funga mdomo. Bibi yake akiuona, sina harusi."

Huyo bibi ndiye aliyemlea bwana harusi, na bila neno lake mjukuu haoi. Anaamini ndoa iliyofungwa mwezi ukiwa umeshikwa haimalizi mwaka. Posa tu alishaiahirisha mara moja kwa sababu ya bundi. Dada na mtu wake walikuwa wanasubiriana tangu mpunga wa mwaka juzi.

Nikaona hapa patumike akili. Nilijitolea kufunga turubai. Nilishusha upande wote wa mashariki mpaka chini, nikaugandamiza kwa mawe. Shangazi akawaambia wenzake, "Mnamwona? Harusi inamtoa ujinga." Usiku ukafika, Kosta ikafika, bibi wa Chumbi akakaa kwenye kiti cha mbele na mkongojo wake, akiwa amegeuzia mgongo mwezi asiouona. Singeli inalia. Hata umeme, kwa maajabu yake, haukukatika. Sheikh akaanza kusafisha koo.

Nilichokuwa nimesahau ni masikio.

Mtaa wa pili ukaanza. Kwanza kopo moja, halafu sufuria, halafu vinu, halafu Kibiti nzima: ngangangangaa! Watu wa huku mwezi ukishikwa wanaupigia vyombo mpaka uachiwe, na mimi nimeuziba mwezi kwa turubai kama mtu anayeficha ngoma kwa kuivalisha kanga.

Bibi aliinua mkono. "Zimeni hilo lispika." Likazimwa. "Nje kuna nini?"

"Watoto tu, bibi," nikasema.

"Watoto wanapiga vinu?" Akanyanyuka, akafunua turubai langu kwa mkongojo. Mwezi ulikuwa mwekundu kama chungu kilichotoka motoni.

Sheikh akasema tuswali. Tukaswali swala ya kupatwa, ndefu ajabu, na bwana harusi mbele yangu alisujudu kama mtu aliyeamua kuhamia huko chini. Baada ya hapo sheikh akaeleza kwamba mwezi haupatwi kwa sababu ya mtu, wala kufa kwake wala kuoa kwake.

"Sheikh, mwezi ni wa Mungu," akasema bibi. "Mjukuu ni wangu. Haifungwi mpaka urudi."

Nje dereva wa Kosta akapiga honi. Ana safari ya alfajiri, hawezi kukesha.

"Basi dereva akiondoka kabla mwezi haujarudi," akasema bibi, "na sisi tunaondoka."

Dirishani niliona pazia la chumba cha dada likitikisika. Ndipo shangazi aliponijia, na sauti ambayo sijawahi kuisikia. "Baba yangu. Mwezi unarudi saa ngapi?"

Uani kote wakanigeukia.

"Sasa hivi," nikasema.

Bibi akanikazia macho. "Huyu si ndiye yule wa kiboko?"

Kumbe nilikuwa nimefika mpaka Chumbi.

"Ndiye, shikamoo bibi. Lakini utaanza kurudi kwa chini, upande wa mashariki. Utaona weupe kama ukucha."

"Ukianzia juu?"

"Mchukueni bwana harusi wenu."

Midomo mingine huwa inatoa mambo kabla ya kumuuliza mwenyewe. Dereva akapiga honi tena. Shangazi alikuwa ameshika mkono wangu kama anayeshika kuku wa kuchinja. Nikatazama simu, nikatazama juu. Chungu kilekile.

Halafu kwa chini, kwa mashariki, kikatokea kijichozi cheupe. Kikakua. Ukucha.

Uani pakalipuka vigelegele, vifijo na masufuria. Bibi hakupiga chochote. Alitazama mwezi, akanitazama mimi, akarudi kwenye kiti chake.

"Fungeni haraka," akasema, "kabla huyu mtoto hajatangaza kingine."

Sheikh akashika mkono wa bwana harusi, akafungua mdomo aanze.

"Nimekubali!" akasema bwana harusi.

"Subiri, kijana," sheikh akamwambia. "Hujaulizwa."