Dishi la Mawingu Lililoitwa la Vita

Saa moja kasoro robo asubuhi, fundi wa kituo cha hali ya hewa yuko juu ya ngazi, anafuta kinyesi cha njiwa kwenye dishi lenye upana wa mita mbili na nusu. Dakika chache baadaye setilaiti inapita angani, na picha ya mawingu inaanza kushuka kwenye kompyuta yake, mstari kwa mstari.

"Dishi hili linapokea tu," anasema. "Halina uwezo wa kutuma hata salamu."

Kwa miaka kumi na tisa majirani walimwita Mzee wa Mawingu. Mwezi Machi gazeti hili lilichapisha picha ya dishi hilo, iliyopigwa kupitia uzio, chini ya kichwa cha habari "Kituo cha siri chaongoza setilaiti za kivita". Habari ilitaja "vyanzo vya kuaminika". Chanzo kilikuwa kimoja: dereva wa lori aliyepita njiani. Hakuna mwandishi aliyebisha hodi kituoni.

Kesho yake muuza nyama alimpokea fundi hivi: "Jasusi, unatulipua sasa hivi au tuuze kwanza?" Wateja wakaangua kicheko. Fundi aliondoka bila nyama.

"Redio ya nyumbani imemshinda mwaka mzima," anasema mkewe. "Ndiye aje aongoze vita vya angani?"

Utani uliishia hapo. Binti yao mkubwa alikuwa ameposwa, na harusi ilipangwa Juni. Baba wa mchumba, mwanajeshi mstaafu, alipiga simu: "Nimelitumikia jeshi miaka thelathini. Siwezi kuwa mkwe wa mtu anayeuza siri." Harusi ikasimamishwa.

Gazeti lilisahihisha baada ya wiki tano: mistari minne, ukurasa wa ishirini na mbili, chini ya tangazo la kiwanja. Lilikiri "kasoro". Halikusema kasoro gani. Mstaafu hakuyaona masahihisho hayo.

Sasa fundi amepata kibali cha kuingiza mgeni mmoja kituoni. Jumamosi atakwenda kwa mstaafu na gazeti la leo, lenye habari hii, mkononi, amwombe aje aikague mitambo mwenyewe, mpaka ndani.

Binti yake anamsikiliza akiwa mlangoni.

"Nenda, baba, lakini usimpigie magoti."

"Magoti ya nini, mama?" anajibu fundi. "Nitampa bisibisi."