Samaki Wekundu Katika Bwawa la Akina Mama

Mama alikuwa na njia yake ya kupima maji. Alishika kikombe cheupe cha bati, akauzamisha mkono polepole bila kutibua. Kikombe kikiendelea kuonekana hadi maji yamfike kwenye kiwiko, maji yalikuwa mazuri. Kikipotea kabla ya hapo, aliwaambia wenzake wayaache yatulie mtungini hadi kesho yake ndipo wapikie.

Bwawa hilo, kwetu upande wa Matinyani, Ukambani, lilichimbwa na wanawake wa mwethya, yaani kikundi chetu cha kazi ya pamoja. Walilichimba kwa majembe na kubeba udongo kwa karai, misimu miwili ya kiangazi mfululizo. Mama ndiye aliyekuwa akiwaongoza. Nakumbuka wakirudi jioni, kamba za mizigo zimewaachia alama kwenye paji la uso, wakicheka kama watu waliotoka arusini. Walilizungushia ua wa miiba. Mifugo ilinyweshwa kwenye shimo lililokuwa chini ya ukingo, na sheria ilikuwa moja: atakayelichafua bwawa hateki tena hadi mvua inayofuata. Maji mengine yalikuwa ya kufukua mchangani, mtoni, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, nikimpikia na kumfagilia mwalimu mmoja wa Kizungu mjini Kitui. Alipomaliza mkataba wake aliniachia sanduku la vitabu na bakuli kubwa la kioo lenye samaki watano, wekundu kama karoti. Vitabu ndivyo vilivyonisomesha, maana shule niliiacha darasa la saba. Samaki ndio walioniponza.

Kwetu wakati huo samaki hakuwa chakula. Watu wengi walimhesabu kundi moja na nyoka. Mama alipoona bakuli juu ya meza alisimama mlangoni, hakuingia. Alisema anakwenda shambani, na akirudi asivikute vile vijoka nyumbani mwake.

Nilikuwa nimesoma kijitabu cha afya kilichosema kwamba samaki hula viluwiluwi vya mbu. Nilisoma ukurasa huo mara tatu, nikajiona nimeelewa. Niliwabeba ndani ya debe hadi bwawani, nikawamimina. Jioni mama alipouliza, nilijibu kwamba nimewarudisha mjini.

Misimu miwili ya mvua ilipita. Polepole maji yakaanza kupata rangi ya chai ya maziwa. Kikombe kilikuwa kikipotea mama anapofika katikati ya mkono, kisha kwenye kifundo, na mwishowe kilipotea vidole tu vikiwa ndani. Unga wa uji ulikuwa unabadilika rangi sufuriani. Wanawake walitafuta sababu, wakaona ua una pengo, na kando ya pengo kuna alama za kwato za mbuzi.

Mbuzi wa karibu walikuwa wa mjane mmoja mzee aliyeishi peke yake. Sote tulimwita susu, yaani nyanya, ingawa hakuwa wa ukoo wetu. Alikuwa mmoja wa waliobeba karai tangu siku ya kwanza.

Kikundi kiliitisha kikao. Kabla ya siku hiyo, nilikwenda kuteka peke yangu. Niliona kitu chekundu kikipita chini ya ukingo. Nilitupa makombo ya ugali, nikasubiri. Samaki walipanda juu kwa makumi, karibu wote wa rangi ya udongo, wakitibua tope. Baadaye nilisoma kwamba watoto wa samaki hawa huzaliwa wakiwa wa rangi hiyo, na wengi hubaki nayo. Ndiyo sababu hakuna aliyewatambua. Kila aliyeona maji yakitikisika alidhani ni vyura. Nilisoma pia kwamba viluwiluwi vya mbu wanavila kweli, lakini kutwa huchimba tope kwa midomo wakitafuta chakula. Kijitabu changu kilikuwa kimezungumzia samaki wa aina nyingine kabisa.

Kikao kilifanyika alasiri juu ya ukingo. Mwanamke mmoja alisema mbuzi wa susu wana kwato za jembe.

"Mbuzi saba," susu alijibu. "Saba, na wawili ni vilema. Wangechafua bwawa lote hili, ningewapeleka wakalime barabara ya serikali."

Watu walicheka, lakini mama hakucheka. Alisema kwato zimeonekana na sheria inajulikana. Susu alitazama miguu yake. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama wanajua mtu wa umri wake atafika mtoni mara ngapi kwa wiki.

Nilikuwa nimesimama nyuma na jembe la kuzibia pengo. Nililiweka chini, nikasogea mbele.

"Mwaitu," nilimwambia mama, kama tunavyowaita mama zetu. "Si mbuzi. Ni samaki. Niliwatia mimi."

"Samaki gani?"

"Wale wa mwalimu."

"Wale uliowarudisha mjini?"

"Sikuwarudisha."

Nilitupa ugali majini ili waone. Waliposhuhudia vile vichwa vikipanda, wanawake walirudi nyuma hatua mbili. Wa kwanza kusema alikuwa susu.

"Kumbe mwaka mzima nanywa supu," alisema, "na hamkuniambia niweke chumvi."

Mama alingoja kicheko kiishe. Alisema mimi ni mwanawe, lakini sheria ni ile ile. Sitateka, na nitawatoa samaki wote, hata mmoja asibaki.

Miezi iliyofuata nililipa kwa miguu. Maji yangu ya kunywa na ya kuoga niliyafuata mtoni, na mama hakunipa hata kikombe cha yale ya nyumbani. Kiangazi kilipolipunguza bwawa likawa dimbwi, niliingia na kiondo kikuukuu, kikapu cha kusukwa, nikavua asubuhi hadi adhuhuri, siku baada ya siku. Niliwazika mbali na njia ya maji. Nilikagua pia madimbwi ya chini ya ukingo, iwapo kuna waliopita mvua ilipofurika. Bwawa lilipokauka kabisa nilichimba tope. Susu alikuwa akiniletea uji wa mtama, akiketi kunitazama. Siku moja aliomba aone mmoja wa wale wekundu kabla sijamzika. Alimgeuza kwa kijiti, akasema ni mzuri, ni vile tu alipelekwa pasipo pake.

Mvua ya Novemba ilipolijaza bwawa, tulingoja wiki mbili litulie. Wanawake wote walikuja. Mama alitoa kikombe cheupe, na badala ya kupima mwenyewe alimpa susu. Susu alipiga magoti, akauzamisha mkono taratibu hadi kiwiko kikalowa, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nakiona," alisema. "Na kimechubuka mdomoni. Mama huyu hanunui vyombo?"

Kisha alikijaza, akanigeukia, akanipa ninywe.