Mafiga Chini ya Kanisa

Rebero, Kigali, Jumanne, Juni 1991. Mwezi wa saba tangu niondoke Kigoma.

Jamaa zangu, leo nusura nimpige kwa sepetu shefu, msimamizi wetu wa kazi.

Tunawachimbia watafiti wa mambo ya kale pale lilipokuwa kanisa la zamani. Chini ya msingi nimekuta mafiga matatu, yana jivu bado, na chungu kimepasukia katikati.

Shefu hata hakuinama.

"Funika. Daftari ya padri aliyejenga hapa inasema hapa ilikuwa pori."

Pori linapika?

Nikaona nakala aliyoshika ina karatasi zaidi ya moja, nikamwambia, "Shefu, soma na ukurasa unaofuata."

"Wewe wa darasa la nne utanifundisha kusoma?"

Nikamnyang'anya karatasi, nikampa Daudi, Mrundi tunayechimba naye, anayejua Kifaransa cha padri. Akasoma kwa sauti: padri mwenyewe aliandika kwamba walihamisha nyumba sita wapate mahali pa kujenga.



Kisha shefu akaandika kwenye ripoti kwamba mafiga kayaona yeye! Hata aibu hana.

Aandike jina lake. Ila bado anataka tufukie kabla watafiti hawajaja kuchora shimo na vilivyomo, eti kuwangoja kutachelewesha kazi. Ingekuwa ninyi, mngefukia?

Mwambieni mke wangu nitarudi Agosti, shimo likishachorwa. Kabla ya hapo sifukii jiko la mtu.