Siku Tulishusha Bomba ya Maji Moto

Pale kwetu Makindye tangi ya maji moto ni moja tu. Iko juu ya paa, jua inaipasha, halafu paipu zinashuka kwa nyumba zote nne. Shida yangu haikuwa maji, ilikuwa magoti. Shawa iko juu kwa ukuta, inataka mtu asimame, na mimi kusimama niliacha zamani. Kwa hiyo mke wa kijana wangu ndiye alikuwa ananiogesha. Mke wa mtoto aone mwili ya mama mkwe! Kule nilikozaliwa, kaskazini, hiyo ni aibu ya kuhama mtaa. Yeye naye alikuwa anafunga macho, ananisugua kama anaosha gari.

Nikasema basi, bomba ishuke mpaka karibu na kigoda. Nikae, nijaze beseni mwenyewe, mlango imefungwa.

Fundi alikuwa Mkongomani. Akagonga ukuta, akatabasamu. "Maman, ii kazi ni kidogo tu. Usiogope, niko najua."

Mimi fundi akitabasamu kabla ya kazi, ninaficha hata sabuni. Nikakaa pale mlangoni, nikamkazia macho mpaka jasho ikamtoka.

Alipofunga maji ya wote, jirani yangu Muganda akafika, mikono kwa kiuno. "Nnyabo, mama, kweri unataka kuvuta maji yote ikuje kwako? Sisi tuoge balafu?"

"Nivute na nguvu gani, jirani? Ingia. Pekua hata mfuko ya fundi."

Mnajua alipekua? Akatoa spana moja moja, anazigeuza kama mama anachagua nyanya.

Kazi ikaisha. Nikafungua bomba yangu ya chini, maji ikaruka na mvuke. Beseni haijafika nusu, nikasikia kelele kwa ukuta: "Nnyabo! Niko na sabuni kwa macho! Maji imepotea!"

Mimi nikasema huyu anadanganya, ananionea wivu. Nikatuma mke wa kijana wangu aende asimame kwa bafu yake, yule hajui kudanganya, uso yake inamsema. Nikafungua. "Mama, imekata!" Nikafunga. "Mama, imerudi!" Nikafungua tena kwa ghafla, kuona kama wamepatana. "Mama, imekata!"

Aa. Kumbe kweli ninamwibia.

Fundi akakuna kichwa. Ile tabasamu sasa iko wapi? "Maman, bomba ya chini inakunywa ya kwanza, ya juu inabakia na kiu. Nilisahau."

Akaweka koki ndogo kwa paipu yangu, ya kupunguza maji. Jirani, kitenge imefungwa kwa kifua, povu bado kwa masikio, akamwambia fundi, "Kaa kando, ssebo. Mimi ndiye nitakaza." Akakaza. Mke wa kijana wangu anapiga kelele kutoka ule upande, "Bado! Bado! Sasa iko sawa!" Kwangu maji ikabaki nyembamba kama uzi ya kushona. Lakini ilikuwa moto.

Nikafukuza wote. Nikakaa kwa kigoda, nikangoja beseni ijae pole pole. Ilipojaa, nikasukuma komeo ya mlango, nikavuta kuona kama imeshika. Nikavuta tena.

"Mama, nikusaidie mgongo?" Huyo ni mke wa kijana wangu, tayari amesimama nje.

"Rudi jikoni!"

Nikasikiliza miguu yake mpaka ikafika jikoni kabisa. Ndiyo nikavua nguo.