Mkubwa Nani, Mimi au Skola

Enzi zetu kule Nyandira, juu milimani, mtoto hakuzaliwa tarehe. Alizaliwa majira. Huyu njegere zilikuwa zinatoa maua, yule watu walikuwa wanapalilia maharage, na mwingine mvua ilibomoa njia, mkunga akachelewa, mtoto akajitokea mwenyewe. Mambo yaliishia hapo. Hakuna aliyekatiwa keki wala kumwagiwa ndoo ya maji kwa kosa la kuzaliwa. Na maji yenyewe ya kule, wenzangu mnaoyajua, ukimmwagia mtu asubuhi ya mwezi wa saba, jioni mnaanza kutafuta sanda.

Mimi na Skola ni watoto wa mtu na mdogo wake. Mama yangu ndiye aliyekuwa mkubwa. Mdogo wake, Mama mdogo Paskalia, ndiye aliyemzaa Skola. Nyumba zetu zilitazamana, kiasi kwamba kwao wakikaanga kitunguu sisi tulipiga chafya. Tulipelekwa kuandikishwa shule siku moja. Mwalimu akauliza tarehe zetu za kuzaliwa, mama zetu wakamjibu kwa njegere na maharage. Yule mwalimu alikuwa mtu wa pwani, baridi inamtoa machozi, na nyuma yetu kuna foleni. Akatuandikia wote wawili tarehe moja, akaita wengine.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kwetu mdogo humwamkia mkubwa, na sasa hapakuwa na mkubwa. Skola akangoja shikamoo yangu, mimi nikangoja yake. Tulipowauliza mama zetu, Mama alitujibu huku anageuza ugali, "Kamuulizeni mwalimu, si ndiye aliyewazaa." Mama mdogo alicheka tu, akaendelea kumenya magimbi.

Basi kila kitu kikawa kesi. Tulikuwa tunateleza mteremkoni juu ya magamba ya mgomba, na anayekaa mbele ni mkubwa. Tuligombea kukaa mbele mpaka siku moja tukaondoka wote tumekaa ubavu kwa ubavu, tukasimama ndani ya matuta ya kabichi ya jirani. Tulichapwa sawasawa, na hata katika kuchapwa Skola alidai ameanza yeye kwa sababu ndiye mkubwa. Viazi vikichomwa kwenye majivu, kikubwa ni cha mkubwa. Usiku ukiingia na ukungu, kila mtu kasogea motoni, macho mekundu kwa moshi, tunasukumana nani akae karibu. Siku hizi vijana wanatoka Dar kuja kulala kule kwenye mahema, wanalipia ule ule moshi, halafu wanaandika kwamba wamepumzisha akili. Sisi hatukujua kama akili inachoka.

Tukakua. Mimi nikaolewa mjini, nikafanya kazi kiwandani mpaka nikastaafu. Skola akabaki juu na mboga zake. Kila tulipokutana, msibani au harusini, tulisalimiana kama marais wawili mpakani. "Hujambo?" "Sijambo. Hujambo?" Tunapeana mikono, kila mtu kanyoosha shingo.

Mwaka huu binti yangu Neema akaamua nifanyiwe sherehe ya miaka sabini. Nilimwambia sabini hiyo ni ya mwalimu, yangu haijulikani. Hakusikia. Uani kwangu Mazimbu, huku mjini, kukasimamishwa turubai, viti vikavalishwa nguo nzuri kuliko wageni, na sote tukashonewa sare ya kitenge. Mbuzi alichomwa mzima, akawekwa mezani kabanwa mchicha mdomoni, anatutazama kama vile yeye ndiye mwenye sherehe. Wajukuu hawakuruhusu mtu ale kabla chakula hakijapigwa picha. Nilipigwa picha nikicheka, nikapigwa tena nikishangaa, halafu nikaambiwa nishangae upya kwa sababu mara ya kwanza sikushangaa vizuri.

Skola alishuka asubuhi na gari la mboga, yeye na Mama mdogo Paskalia, ambaye sasa ndiye mzee pekee aliyebaki katika ukoo wetu. Mama yangu alishatutoka zamani. Nilimwamkia Mama mdogo, nikamgeukia Skola. "Hujambo?" Akasema, "Sijambo. Naona keki yetu imeandikwa jina moja."

Nilidhani ni utani. Sasa ilipofika saa ya kukata keki, mshereheshaji, kijana mmoja mwenye suti inayombana, akaita mwenye siku yake apite mbele. Nikasimama. Skola naye akasimama. Akamwambia yule kijana kwenye kipaza sauti kwamba tarehe ni ya wote, karatasi zipo, na kwamba anayeanza kukata ni mkubwa, ambaye ni yeye.

"Mkubwa kwa kipimo gani?" nikamuuliza.

"Kwa kipimo cha kuzaliwa mapema."

Neema alikuwa ananivuta kitenge. Wajukuu walikuwa wanarekodi. Nilijua nimekuwa kichekesho, lakini kuna mambo mtu akishayabeba maisha yote hayatui kwa sababu kuna wageni. Nikasema, "Basi tumuulize Mama mdogo, na leo atajibu."

Mama mdogo Paskalia alikuwa anakula pilau. Akaweka kijiko chini, akajifuta mdomo taratibu.

"Skola ndiye mkubwa," akasema. "Alitangulia msimu mmoja wa maharage."

Watu wakapiga vigelegele. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Wewe ulipozaliwa, Felista, mama yako alipata homa, maziwa yakakauka. Ulilia siku nzima mpaka sauti ikaisha. Nikaja kukuchukua. Skola alikuwa ananyonya kwangu, nikamsogeza, nikakuweka upande wa pili. Alikupiga mateke sana. Lakini alisogea. Nimewalea hivyo mpaka mkaota meno, na wewe ndiye uliyekuwa unauma."

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kusema.

"Mama yako aliniomba. Aliona aibu, mwanamke kukosa maziwa. Siku zile maneno ya watu yalikuwa makali. Ningesema nani mkubwa, mngeuliza na mengine. Nikamtunzia. Lakini sasa nazeeka, na siwezi kwenda nayo."

Nilimtazama yule bibi aliyejikunja kwenye kiti cha plastiki kilichovalishwa nguo, nikatazama mikono yake. Maisha yangu yote nilimpelekea khanga na sukari kila nilipopanda mlimani, kama mtu anavyompelekea mama mdogo. Sikujua kwamba nadaiwa uhai.

Nikamwendea Skola. Miguu ilikuwa mizito kuliko siku ya harusi yangu.

"Shikamoo, dada."

Nilitegemea atavimba. Alinishika kichwa kwa mikono yake miwili yenye nyufa za udongo, machozi yanamtoka, akasema, "Marahaba, mdogo wangu." Kisha akamgeukia mshereheshaji. "Hiyo imesikika mpaka nyuma kule?"

Keki tulikata pamoja, kisu kimoja. Mama mdogo aliionja, akauliza kama hakuna gimbi.

Wajukuu zangu wanajua saa na dakika waliyozaliwa, na uzito wao kwa gramu. Wamepigwa picha kabla hawajafungua macho. Sina ugomvi na hayo, na hilo turubai lao lilinistahi. Ila sisi tuliozaliwa na njegere na maharage tulizungukwa na watu waliojua kutusaidia na kunyamaza. Leo mtu akikununulia maandazi, dunia nzima inaonyeshwa maandazi. Mama mdogo alinipa kifua chake, akakaa kimya miaka yote hiyo akinitazama nikijidai mkubwa mbele ya mtoto aliyenipisha.

Kesho yake niliwasindikiza kupanda gari. Skola akaingia kwanza, akakaa dirishani, akasema ni haki yake. Nikamsaidia bibi kupanda, nikamfunika khanga magotini. Siku zote nilimwita Mama mdogo. Safari hii nikamwita, "Mama."

"Ee," akaitika, bila hata kugeuka, kama mtu aliyezoea kuitwa hivyo.