Nati Tatu Mfukoni mwa Fundi Hatibu

Saa moja asubuhi, baridi ya mlima Hanang bado imelala juu ya mabati ya Katesh, na Hatibu Shumbana ameshachuchumaa mbele ya magurudumu manne aliyoyapanga juu ya magogo. Mkononi ana pampu ya dawa ya mbu. Ndani hamna dawa. Mna rangi nyeupe aliyoizimua kwa petroli. Anapuliza kidogo, anarudi nyuma, anatazama, anapuliza tena.

Kabla ya kupuliza amepaka grisi nene kuzunguka matundu ya bolti ili rangi isishike hapo. Rangi ikikauka ataipangusa grisi, kisha atakwangua kwa wembe mpaka chuma kionekane. Wapita njia wanamcheka. Mama mmoja mwenye kikapu cha maharage anamuuliza kama rangi imemwishia. Hatibu anajibu kwa upole kwamba rangi ipo tele.

Magurudumu hayo mapya ni ya gari dogo jekundu la mbio, la viti viwili, lisilo na paa, lililoundwa kabla ya vita. Bashiri, mfanyabiashara wa hapa, alilinunua kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya ngano aliyekuwa akirudi kwao. Kwa miaka mitatu limekaa uani kwake, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Mwaka huu wa 1958 anataka litembee tena.

Mwandishi wa habari hii alikuja Katesh kuandika juu ya fundi mwenye mkono mzuri, na mkono wa Hatibu ni mzuri kweli. Kizuri chajiuza: wapo madereva wanaotoka Singida na Babati kumfuata yeye. Lakini alipoulizwa kwa nini gari lilikaa miaka yote hiyo, fundi aliweka pampu chini, akafuta mikono, akasema kwamba habari ya kuandika ni hiyo, si rangi.

Hatibu ana miaka arobaini na minane. Baba yake alitoka Kondoa na mzigo wa chumvi, akaoa huku, akabaki. Mwenyewe alijifunza ufundi Arusha kwa miaka sita, kwa fundi wa Kihindi mwenye maneno machache na kanuni nyingi. Mojawapo ilikuwa hii: nati haikalii rangi. Gari likienda, rangi iliyo chini ya nati husagika, nati ikalegea. Na gurudumu jipya likishakwenda maili kumi, simama, kaza tena.

"Kanuni hiyo niliijua kama ninavyoijua Alhamdu," anasema.

Mwaka 1955, Bashiri alipolileta gari kwa mara ya kwanza, Hatibu aliyapaka magurudumu yake mara tatu, mbele na nyuma, mpaka ndani ya matundu. Hakutaka ionekane hata chembe ya chuma. Siku ya kulitoa, nusu ya Katesh ilisimama barabarani kulitazama, na fundi alikuwa ameshanawa mikono na kuvaa kanzu.

"Ilinipasa nimwambie dereva asimame maili ya kumi akaze nati. Sikumwambia. Niliona haya. Watu wanaisifu kazi yangu, halafu mimi niseme mbele yao kwamba bado haijaisha?"

Dereva alikuwa Nicodemo, Mwiraqw wa Gitting, aliyeendesha lori la Bashiri miaka mitano bila kugusa hata kuku. Kwenye mteremko wa Endasak gurudumu la mbele lilichomoka. Gari likaingia mtaroni. Gurudumu likaendelea peke yake mpaka likampiga Perpetua, mama aliyekuwa akipalilia mahindi kando ya njia. Mguu ulivunjika mahali pawili. Hata leo anatembea kwa fimbo, na shamba lake la mteremkoni linalimwa na binti yake.

Hatibu ndiye aliyetumwa kwenda kulivuta gari. Juu ya mteremko aliokota nati tatu. Rangi yake nyeupe ilikuwa imesagika na kuganda kwenye kingo zake. Alizitazama, akazitia mfukoni, akanyamaza.

Nicodemo aliponzwa na sura ya gari. Gari la mbio, tena jekundu: nani angeamini kwamba lilikuwa likienda polepole? Mahakamani fundi aliulizwa swali moja tu, kama alizikaza nati. Akajibu kwamba alizikaza. Jibu hilo lilikuwa kweli, na ndilo linalomtafuna. Nicodemo alifungwa miezi minne na kunyang'anywa leseni. Aliyekuwa akipata shilingi mia moja na kumi kwa mwezi sasa anapata thelathini na tano, akibeba magunia kwenye shamba la ngano.

"Kila mnada tunakutana," anasema Hatibu. "Yeye ni mdogo kwangu, basi ananiamkia shikamoo. Nami naitikia marahaba. Mtu niliyemfunga mimi. Miaka mitatu nimeitikia marahaba hiyo, na kila mara natamani ardhi ipasuke inimeze."

Mwezi uliopita Bashiri alipoagiza magurudumu mapya kutoka Nairobi, Hatibu alishindwa kuishika pampu. Alizichukua zile nati, akapanda kwa miguu mpaka Gitting, akamweleza Nicodemo yote.

Mwandishi naye alikwenda Gitting. Nicodemo alikuwa akitengeneza zizi la ndama, na hakuacha kazi yake alipokuwa akizungumza.

"Mzee Hatibu amenieleza, nimemsikia. Lakini mimi sikuwa na haja ya kuambiwa. Mimi najua sikukimbiza gari. Awaambie wanaodhani nilikimbiza."

Alipoulizwa kama amemsamehe, alisema hayo ni ya baadaye, kama yatakuwapo. Kisha akasema, akitazama pembeni, kwamba mwanawe wa kwanza huko shuleni wanamwita Mtaro.

Hatibu amepanga kwenda Mbulu Jumatatu ijayo, nati zikiwa ndani ya kitambaa, aieleze mahakama kile alichokificha. Anajua anaweza kushtakiwa yeye. Mkewe Mariamu anahofia wateja watakimbia, na huenda wakakimbia. Tumaini la fundi ni kwamba Nicodemo atarudishiwa leseni. Bashiri amekwisha kusema kwamba, ikirudi, kiti cha dereva ni chake akikitaka.

Basi kwa nini kulipeleka jambo gazetini kabla halijafika mahakamani? Hatibu alikwangua rangi iliyoganda kwenye kucha.

"Kwa sababu mimi ni mwoga. Mwaka jana nilifika Mbulu mpaka mlangoni pa mahakama, nikarudi nyumbani. Likishatoka gazetini sina tena pa kurudi. Andika jina langu lote, na la baba yangu, na la babu."

Gazeti hili hufika Katesh kwa basi siku ya Alhamisi, na mnada ni Jumamosi. Jina lake lote ni Hatibu Shumbana Doto, fundi wa magari. Nicodemo Joakimu wa Gitting hakukimbiza gari.